Unga wa Machuki

Wodi ya Wanawake, Hospitali ya Misheni
Homa Bay
Jumapili, 9 Machi 2025

Mellen mwanangu,

Barua huanza na "mimi ni mzima, sijui wewe." Mimi si mzima, ndiyo maana nimelazwa hapa, kwa hivyo hiyo tuiruke. Naandika kwa sababu kusema kunanimaliza pumzi. Nikikupigia simu, neno la tano tu nahema kama nimetoka shambani na gunia la mahindi mgongoni, wewe huko Migori unaanza kulia, na salio linaisha kabla hatujaongea jambo la maana. Nikiandika napumzika katikati ya sentensi na hakuna anayejua. Barua itakuja na mizigo ya Marcella, mama anayeuza omena hapa getini. Ikinuka samaki usiniulize mimi.

Upasuaji ni Alhamisi tarehe 20. Daktari anaitwa Obare, kijana mrefu mwenye mikono baridi. Alitaka kunieleza kwa Kiingereza nikamwambia aeleze kwa Kiswahili au anyamaze. Basi akaeleza. Vali moja ya moyo wangu imekakamaa kwa sababu ya ule ugonjwa wa koo na viungo nilioupata nikiwa msichana. Wataitoa na kuweka nyingine. Wakati huo moyo utasimamishwa, Mellen. Kabisa! Damu itatoka, izungushwe na mashine, kisha irudi. Akasema damu haipendi kugusa plastiki ya hiyo mashine, na ikirudi mwili unaweza kukasirika na kuvimba kwa ndani, mapafu, figo, kila mahali.

Nikamuuliza, "Sasa hiyo hasira mnaituliza na nini?"

"Wengine tunawapa steroidi, mama. Zamani karibu kila mtu alipewa. Siku hizi tunaangalia mtu na mtu, maana utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kwa watu wazima wengi haipunguzi vifo."

"Basi mimi niangalie hivi, kwamba sitaki."

Alicheka. Mimi sikucheka. Neno hilo steroidi nililisikia mara ya kwanza kwenye matanga ya dada yangu Nyatichi, na unajua yote. Vile alivyonunua vidonge vya kunenepa pale sokoni Oyugis, uso ukawa mviringo, nyama ikaota nyuma ya shingo, miguu ikabaki vijiti. Halafu tukamzika akiwa na miaka thelathini na minane. Nilimwambia daktari habari hiyo yote, pumzi ikinikata, naye alisubiri. Mwisho nikaomba kalamu, nikaandika kwenye karatasi yao: Mimi Nyasuguta nimekataa steroidi. Nikatia sahihi. Akasema ni haki yangu, na kwamba kwangu haikuwa ya lazima. Sikuhitaji aniambie kwamba ni haki yangu.

Jambo lingine. Jana, siku ya Sabato, nimetupa unga wangu wa magoti niliokuja nao hapa wodini. Hukuujua, kwa hivyo sasa ujue. Ni unga wa mizizi wa mzee Machuki wa Osiri, yeye hupita kwetu Lambwe kila mwisho wa mwezi na begi lake. Miaka mitatu nimekunywa kijiko kila asubuhi kwenye uji, na magoti yaliyokuwa yakiniliza yakawa ya msichana. Sikukuambia kwa sababu wewe ni mtu wa dawa za dukani, ungenicheka. Kanisani nako sikusema, maana shemasi hatakiwi kunywa vitu vya waganga. Ni mizizi tu, lakini watu wana midomo. Nimeona nisiende kulala chini ya kisu nikiwa na siri mbele za Mungu. Nimeumwaga chooni wote. Naingia safi.

Niombee, na ule vizuri.

Mama yako,
Nyasuguta

*

Migori
Jumanne, 11 Machi

Mama,

Barua imefika, na duka zima linanuka omena. Bwana Stanley, mwenye duka, ameniuliza kama siku hizi tunauza dawa au kitoweo. Nimecheka peke yangu hapa nyuma ya kaunta, hasa pale ulipomwambia daktari anyamaze. Maskini Obare, hajui ameletewa nani.

Lakini nilipofika pale pa Machuki kicheko kiliisha. Ni yule mzee mwenye kofia ya manyoya na jino la dhahabu? Kijiko ulichotumia ni cha chai au cha mezani? Ulikunywa kila siku bila kuruka? Na huo mwili ulionenepa, ulianza lini hasa? Nakumbuka Krismasi nilikuambia umependeza, mashavu yamejaa, ukajibu ni Mungu na maziwa.

Nakuomba kitu kimoja tu, Mama. Mwambie Daktari Obare kuhusu huo unga. Mwambie leo, usingoje kesho. Dawa za miti wakati mwingine hugombana na za hospitali. Hakuna atakayekuhukumu, na hospitali si kanisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usiniulize kwa nini nasisitiza, mwambie tu.

Nimepiga simu ya wodi mara tisa tangu asubuhi. Hakuna anayepokea.

Binti yako,
Mellen

*

Homa Bay
Alhamisi, 13 Machi

Mellen,

Usishangae mwandiko, naandika nimelala. Tangu Jumatatu natapika. Jana nilisimama nikaenda chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Presha imeshuka, wananipima asubuhi na jioni na kutikisa vichwa. Daktari amenitoa damu mara tatu, anasema labda kuna wadudu wameingia kwenye vali, labda upasuaji uahirishwe. Sitaki uahirishwe. Muuguzi wa zamu ya mchana anaitwa Lynnet, mtoto wa Kijaluo mwenye moyo mzuri, anakuja na kikombe kila saa na kuniita dani, yaani bibi. "Yawa, dani, kunywa hata chai kidogo." Nimemweleza kwamba mimi ni Msabato na chai sinywi, sasa ananiletea maji ya moto yenye sukari na kuniita mkaidi.

Kuhusu unga, jibu ni hapana. Unga umekwisha, uko chooni, nikamtangazie nani habari za marehemu? Niwe hadithi ya wodi hii, shemasi wa miaka kumi na moja aliyekuwa akijificha jikoni na kijiko cha mganga? Najua haya ninayopata ni nini. Ni Ibilisi, ameona nimejisafisha, sasa amekasirika. Atachoka kabla yangu.

Umenitupia methali, nami nikutupie swali. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikuandikia jina la Machuki, jina la Osiri na begi lake, basi. Sikuandika kofia. Sikuandika jino. Unamjuaje?

Na usije huku. Nimemwambia Lynnet ukifika asikufungulie mlango. Sitaki mtoto wangu anione natapika kwenye beseni.

Mama yako,
Nyasuguta

*

Nje ya geti la hospitali, Homa Bay
Jumamosi, 15 Machi, saa tatu asubuhi

Kwa Daktari Obare,

Mimi ni Mellen, binti wa Nyasuguta wa kitanda cha saba. Barua yake ya mwisho imenifikia jana jioni na leo nimeondoka Migori alfajiri. Askari amekataa kuniingiza kwa sababu mama ameagiza hivyo, na wewe wanasema uko ndani ya upasuaji. Kwa hivyo naandika hapa kwenye benchi la Marcella, na barua hii anakuletea muuguzi Lynnet pamoja na mkebe. Tafadhali soma jina lililo kwenye mkebe kabla ya kusoma mengine.

Hiyo ndiyo dawa mama yangu amekunywa kwa miaka mitatu. Yeye hajui. Anajua alikunywa unga wa mizizi kutoka kwa mtu anayeitwa Machuki wa Osiri, akakuficha kwa sababu ya aibu ya kanisa. Mizizi imo, sikatai. Lakini Machuki husaga vidonge hivyo na kuchanganya, ndiyo maana magoti yanapona siku ya pili na watu wanamsifu. Mama aliacha unga huo ghafla Jumamosi iliyopita. Jumatatu akaanza kutapika.

Utauliza najuaje. Nafanya kazi kwenye duka la dawa Migori. Machuki ni mteja wetu. Vidonge hivyo nimemuuzia mimi kwa mikono yangu, mikebe ya vidonge elfu moja moja, kila katikati ya mwezi, bila karatasi ya daktari. Sina cheti cha dawa, nilifundishwa kazi na mwenye duka. Hata hivyo najua dawa hii ikitumika siku nyingi haiachwi kwa siku moja. Nilijua hivyo Jumanne niliposoma barua ya mama, na badala ya kukutafuta siku hiyo hiyo nilimwandikia maneno ya kuzungukazunguka kwa sababu niliogopa kujitaja. Hizo siku nne ni zangu. Uziandike kwenye faili kama unataka.

Naweka jina langu lote ili asije mtu akasema ni uvumi.

Mellen Nyasuguta Nyangau

*

Homa Bay
15 Machi, saa tano

Mellen,

Naandika nyuma ya karatasi ya vipimo, samahani. Umefanya vizuri kuja. Nilikuwa natafuta wadudu kwenye damu yake na siwaoni, sasa naelewa.

Nikueleze kwa ufupi. Juu ya kila figo mwili una kiwanda kidogo kinachotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, na bila hiyo presha haisimami, hasa mtu akiwa mgonjwa. Ukiletewa bidhaa hiyo bure kila asubuhi kwa miaka mitatu, kiwanda hufunga, wafanyakazi wanaenda nyumbani. Mama ameikata bidhaa na kiwanda bado kimefungwa. Asipoipata leo kwenye mshipa, sizungumzii tena upasuaji wa tarehe 20. Nazungumzia kesho.

Mwanzoni tulijadiliana naye kuhusu steroidi ya kutuliza uvimbe wa mashine. Hiyo angeweza kuikataa na nisingebishana naye. Hii ya sasa ni kumrudishia kitu ambacho mwili wake umesahau kutengeneza.

Nimemweleza. Ameniruhusu nikuandikie hili, na hili tu: amekataa. Anasema hawezi kuwa amekunywa kitu kilichomuua dada yake, unga wake ulikuwa wa mizizi, na mimi nimedanganywa na mtu. Sikumtajia ni nani aliyeleta mkebe. Akili yake ni timamu, Mellen, na sahihi yake iko mbele yangu. Siwezi kumlazimisha. Akizimia mambo yatabadilika, lakini sitaki kungoja azimie, huenda nisiweze kumrudisha.

Macho yake hayatulii kwenye maandishi. Andika, Lynnet atamsomea. Usichukue muda mrefu.

Obare

*

Kwenye benchi
15 Machi

Mama,

Lynnet ndiye anayekusomea. Lynnet dada yangu, usiruke mstari hata mmoja, hata ukiona aibu, na akikuambia unyamaze usinyamaze.

Uliniuliza namjuaje Machuki. Namjua kwa sababu ndimi niliyemuuzia. Miaka minne, Mama. Anakuja na kofia yake, anaweka begi juu ya kaunta, anasema "zile ndogo nyeupe," nami nampa. Nilipomuuliza za nini, alisema ni za mbuzi. Nikaandika kwenye kitabu "mifugo." Nilijua si za mbuzi. Mbuzi gani hao wa Osiri wanaumwa kila mwezi tarehe kumi na tano? Nilidhani anawauzia wasichana wa machimboni wanaotaka kunenepa. Nikajiambia ni watu wazima, wana akili zao, na mimi nina kodi ya nyumba. Sikuwahi kufikiria kijiko chako. Ni kweli, na haipunguzi chochote.

Kwa hivyo daktari hakudanganywa. Mkebe nimeuleta mimi. Hiyo steroidi uliyoikataa kwa kalamu imo mwilini mwako tangu mwaka wa ishirini na mbili. Mashavu niliyoyasifu Krismasi ni yale yale ya Mama Mdogo Nyatichi. Niliyaona, nikayaita baraka, na ndimi niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu.

Sasa nisikilize kuhusu Mama Mdogo, maana hapo sote tumekosea tangu mwaka wa kumi na tisa. Tunasema aliuawa na vidonge. Vilimharibu, ndiyo. Lakini kumbuka wiki ile. Mumewe alivipata chini ya godoro Jumatatu, akavitupa chooni vyote, na sisi tukampongeza, tukasema huyo ni mwanamume wa kweli. Jumatano Nyatichi alitapika. Ijumaa hakuweza kusimama. Jumapili ulinipigia simu huku unalia. Hakuna aliyejua kwamba vitu hivyo haviachwi hivyo, hupunguzwa polepole, miezi. Tulimsafisha tukamuua.

Wewe umeutupa Jumamosi. Hesabu mwenyewe.

Wewe unaona ukikubali sindano umemsaliti dada yako. Mimi nasema ukikataa umekufa kifo chake, kile kile, hatua kwa hatua, na safari hii hakuna atakayesema hatukujua. Mimi nitakuwa nimejua. Nitaishi nacho.

Nichukie. Una haki yote, nami sitaomba upunguze. Lakini mtu huchukia akiwa hai. Mimi nikatae, sindano usiikatae. Ulinilea nisikubali kitu kwa sababu tu mtu mkubwa amesema, basi leo mkubwa ni wewe na sikubali. Sitoki hapa getini. Askari ameniambia atanitoa, nimemwambia alete na wenzake.

Mellen

*

15 Machi, jioni

Lynnet alitaka kuacha mara mbili. Nilimwambia aendelee mpaka mwisho.

Nimeifuta ile karatasi ya kwanza kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: Nimekubali. Sahihi nimeweka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Dawa inaingia tangu saa sita. Sasa hivi nimekaa kitandani bila kushikiliwa, na nimekunywa uji. Kwa hivyo ulisema kweli, na hilo ndilo linalonichoma.

Nilikataa sindano, ukasema nikukatae wewe. Haya. Ondoka getini. Leo sina mtoto.

Nyasuguta

*

Migori
Jumatatu, 24 Machi

Mama,

Hujajibu barua mbili na sitarajii ujibu hii. Daktari amenijulisha kwamba upasuaji ni Alhamisi hii, tarehe 27, na kwamba umerudi kugombana na wapishi, kwa hivyo najua unapata nguvu. Sitakuja bila ruhusa yako. Nakuandikia kwa sababu nilichofanya huku utakisikia kwa watu, na ni afadhali ukisikie kwangu.

Nilimwambia Bwana Stanley kwamba sitamuuzia Machuki tena. Akasema mteja haulizwi maswali. Nikamwambia mimi nimeulizwa, na mama yangu. Akaniambia nikabidhi koti la kazi. Nilikabidhi, nikachukua kile kitabu chenye "mifugo" kwa miaka minne kwa mwandiko wangu, nikakipeleka kwa ofisi ya dawa ya kaunti. Afisa aliniuliza kama naelewa kwamba ninajishtaki. Nikasema naelewa kusoma. Wameniandikisha maelezo na wataniita.

Halafu nilienda Osiri siku ya soko. Machuki alikuwa ameketi kwenye kiti chake, wanawake wamepanga foleni mpaka kwa wauza sufuria. Nilipanda juu ya kreti nikawaambia kilicho kwenye unga, na nani aliyekileta. Machuki alisimama akapaza sauti: "Huyu amefukuzwa kazi kwa wizi, anatafuta jina!" Nikamwuliza mbuzi wake wanaendeleaje. Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa.

Mama mmoja aliyetumia miaka miwili alianza kulia na kufungua pakiti yake aimwage. Niliruka nikamshika mkono. "Usimwage! Usiache leo! Nenda nayo hospitali, uwaambie umeitumia muda gani, watakupunguzia wao." Hapo ndipo nilipotukanwa kweli kweli. "Unatuambia ni sumu, halafu unatuambia tuendelee kuinywa? Umerogwa?" Mmoja alinirushia ganda la muwa. Nilirudia jambo lile lile mpaka sauti ikapotea. Nusu ya foleni ilibaki, Mama, na wakanunua mbele ya macho yangu. Katika nusu nyingine, sita walifuatana nami mpaka zahanati. Wiki ijayo nitarudi huko, sauti ikirudi.

Sisemi haya ili nisamehewe. Nilidhani tu utataka kujua kwamba sikunyamaza tena.

Mellen

*

Homa Bay
Jumanne, 8 Aprili

Mellen,

Niko hai. Nina mshono kutoka hapa kooni mpaka kwenye mbavu, nikikohoa nakumbatia mto na kuwataja watakatifu wasio wa dini yangu. Vali mpya ni ya chuma na inalia. Wodi ikinyamaza naisikia, tik, tik, tik. Mama wa kitanda cha nane aliomba nihamishwe kwa sababu alidhani nimeficha saa.

Asubuhi ya upasuaji Obare alikuja na bomba la sindano mkononi. Akasema, "Mama, hii ndiyo ile. Nitakupa kabla, nitakupa ndani, nitakupa baada, halafu tutapunguza. Nataka uione kwanza." Nikaiangalia. Maji tu, hayana rangi wala harufu. Nilikuwa nimeichukia miaka sita kama mtu anavyomchukia mtu. Nikamwambia, "Weka. Lakini ujue si kwa sababu nimeipenda." Akasema hata yeye haipendi, anaitumia. Hilo nililikubali. Moyo wangu ulisimama dakika sitini na nane, nimemuuliza. Ukarudishwa, ukakubali jaribio la kwanza tu. Anasema presha haikucheza hata kidogo, na kwamba bila sindano ile angenipoteza mezani.

Nilipoamka nilimlilia Nyatichi. Nimemlilia upya, maana nilimlilia vibaya mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyempongeza mumewe kwa kutupa vile vidonge, hukuandika hilo lakini ni kweli, nilimshika mkono nikamwambia Mungu akubariki. Nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua. Nimekaa hapa wiki mbili nikijaribu kuona kama hiyo tofauti ni kubwa au ndogo, na kila siku inabadilika. Kuna asubuhi nakuona na koti lako jeupe ukimhesabia yule mzee mikebe, na nataka kukupiga. Kuna asubuhi nakuona juu ya kreti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema. Sijui niliposhikilia nilishikilia wapi na nilipolegeza ni wapi.

Mchungaji alikuja Sabato. Nilimwambia habari za unga kabla hajakaa vizuri, na nikamwambia awaambie wengine, kwa sababu najua angalau mama watatu wa kwaya walioninunulia mimi kwa Machuki na mimi nikawanunulia wao. Alitaka kunipa mstari wa kunifariji. Nikamwambia aende kwanza kwa hao watatu, mstari utangoja. Nimewaandikia pia, wasimwage.

Sasa sikia. Natoka Jumapili hii. Natoka na dawa aina mbili, na zote hazina mchezo. Moja ni ya damu isigande kwenye vali. Ikizidi natokwa damu, ikipungua vali inaziba. Ya pili ni vile vidonge vidogo vyeupe, nitavipunguza robo kwa robo mpaka mwisho wa mwaka, na mtu akikosea siku mbili tu narudi nilikokuwa. Macho yangu hayaoni robo ya kidonge. Hospitali hainiruhusu niende mpaka ijazwe karatasi ya mtu atakayenipimia dawa kila asubuhi, mtu mmoja, anayejua anachofanya.

Lynnet akaniuliza, "Dani, tuweke nani? Jirani? Mtu wa kanisa?"

Nikamwambia jirani hajui dawa na mtu wa kanisa atanionea huruma. Nataka mtu ambaye hatakosea kwa sababu anajua kabisa itakuwa nini akikosea. Nikataja jina lako. Alinitazama sana. Yeye ndiye aliyenisomea ile barua.

Usije ukadhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na usiniulize lini. Njoo Jumapili, uwe hapa kabla ya saa mbili. Hiyo ndiyo saa ya vidonge.

Mama yako,
Nyasuguta